Mawese yanavuka mpaka, cheti cha muuguzi kinakwama

Mama anayevusha mawese ya Rumonge kupitia Mugina kwenda Manyovu, au anayerudi na bidhaa za dukani kutoka Kigoma, analijua vizuri jambo moja kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wake usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa zake zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi wanachama, anaweza kupewa pale pale mpakani cheti cha asili kilichorahisishwa. Kwa cheti hicho hatozwi ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine anazijua mwenyewe.

Mtoto wa mama huyo huyo, aliyekaa miaka mitatu Tanzania akisomea uuguzi au maabara, hana karatasi ya namna hiyo. Anavuka Mugina na stashahada yake kwenye bahasha, na hakuna ofisa mpakani anayeweza kumwambia kama upande huu yeye ni muuguzi au la. Jibu analitafuta Bujumbura, kwa Kifaransa, huku familia ikisubiri faida ya ada iliyolipa.

Suala hili linagusa nyumba nyingi kuanzia Magara na Minago hadi Nyanza-Lac. Tangu mwaka 2017 Warundi zaidi ya 200,000 wamerudi nyumbani kwa mpango wa hiari, wengi wao kutoka Tanzania, na kabla yao walirudi wale wa 1972 na wa miaka ya 1990. Kila kundi limerudi na watoto waliosoma, na wengi wa watoto hao wanazitazama kazi za afya za kada ya kati: uuguzi, ukunga, maabara, dawa, mionzi. Sababu inaeleweka. Ni masomo ya miaka michache kuliko udaktari, ada yake inaweza kutafutwa kwa biashara ya ndagala au kwa kuuza kipande cha shamba la michikichi, na mgonjwa hakosekani.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini ujuzi huo uvuke mpaka kwa taabu kuliko dumu la mawese? Na mzazi afanye nini kabla hajauza hicho kipande cha shamba?

Karatasi za aina tatu

Waliorudi hawakusoma shule moja. Wa kwanza ni watoto wa 1972, waliokulia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hao, na mwandishi wa makala haya akiwa mmoja wao, walisoma mtaala wa Tanzania: msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Kifaransa walikisikia kwa wazee tu.

Wa pili ni waliokulia katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama Mtabila iliyofungwa mwishoni mwa 2012, Mtendeli iliyofungwa 2021, Nduta na Nyarugusu. Katika kambi hizo shule zilifuata mtaala wa Burundi, kwa lugha za Burundi, ili mtoto akirudi aendelee pale alipoishia.

Wa tatu ni waliokimbilia Kongo, ng'ambo ya ziwa, huko Uvira na Fizi. Hao wamesoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo.

Ukiwapeleka vijana watatu wa makundi haya kusomea uuguzi kila mmoja alikokulia, watarudi Rumonge na majina matatu ya kazi moja. Wa Kongo atasema yeye ni A1 au A2. Burundi itamwelewa bila mkalimani, kwa sababu nchi zote mbili zilirithi herufi hizo kwa Wabelgiji. Ni kweli Burundi ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuhamia mfumo wa digrii za ngazi tatu, lakini hospitalini watu bado wanaitana A1 na A2. Wa Tanzania atasema ana stashahada ya ngazi ya sita. Kwa ofisa wa Bujumbura aliyezoea herufi, ngazi ya sita ni namba tu, na hapo ndipo mkwamo unapoanzia.

Hesabu ya miaka

Tuifanye hesabu polepole, maana ndiyo kiini cha mambo.

Tanzania, kwa vijana wengi waliomaliza hadi sasa, mtoto amesoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari. Akifaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua manne, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia, anaweza kuomba uuguzi au utabibu katika chuo cha kati. Huko anapanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita kwa miaka 3, na kuhitimu stashahada. Jumla ni miaka 14.

Burundi, tangu mageuzi ya 2013, mtoto anasoma miaka 9 ya elimu ya msingi na 3 ya sekondari ya juu, kisha anakaa kwenye mtihani wa Taifa. Muuguzi wa A1 anaongeza miaka 3 juu ya hapo. Jumla ni 15. Muuguzi wa A2, anayetoka katika shule za uuguzi kama zile za Gitega na Ngozi, anahitimu katika ngazi ya sekondari, chini ya hapo.

Kwa hiyo stashahada ya Tanzania inaangukia katikati. Imezidi A2 na haijafika A1. Ukiihesabu kwa miaka peke yake, haina kiti. Anayepima faili ana njia mbili: kumshusha kijana hadi A2, jambo linalofuta sehemu ya masomo yake, au kumpandisha hadi A1, jambo litakalowaudhi waliokaa darasani mwaka mmoja zaidi. Aliyepitia kidato cha sita kabla ya chuo ana hoja nyepesi, kwa kuwa miaka yake inatosha. Aliyetoka kidato cha nne moja kwa moja, na hao ndio wengi, anabaki ananing'inia.

Inafaa kusema wazi kwamba tume ya kulinganisha diploma haifanyi kosa kuuliza miaka. Hiyo ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba miaka inapimwa mahali ambapo kilichotakiwa kupimwa ni kama mtu anaweza kumzalisha mama salama, kuweka dripu, au kusoma vimelea vya malaria kwenye hadubini.

Somo la vyuo vya jamii

Jambo hili halikuanzia kwetu. Wamarekani walilipitia zaidi ya miaka 70 iliyopita. Wana vyuo vinavyoitwa vya jamii, vinavyoendeshwa kwa kodi za eneo husika na ada nafuu, ambavyo mtu mzima mwenye kazi na watoto anaweza kusoma hata jioni. Chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichoanza 1901, ndicho cha umma cha zamani zaidi kati ya vinavyoendelea hadi leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hospitali za Marekani zilipungukiwa wauguzi. Mwaka 1952 mwalimu mmoja wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Mildred Montag, alianzisha jaribio la kufundisha wauguzi kwa miaka miwili katika vyuo vya aina hiyo. Wapo waliosema miaka miwili haitoshi. Lakini wahitimu walikaa mtihani wa leseni ule ule uliokaliwa na wengine, wakafaulu vizuri, na mpango ukaenea nchi nzima.

Hata sasa, muuguzi wa digrii ya miaka miwili na muuguzi wa miaka minne nchini Marekani hukaa mtihani mmoja wa leseni. Kwa shule ya miaka 12 na chuo cha miaka 2, yule wa kwanza ana jumla ya miaka 14, sawasawa na kijana wetu wa stashahada. Hakuna anayemwambia hana kiti. Anaambiwa: kaa mtihani. Ni kweli hospitali nyingi kubwa za huko siku hizi zinawapendelea wa miaka minne, na anayeanza na Kiingereza cha kubabaisha hutumia zaidi ya miwili kwa sababu ya masomo ya utangulizi. Hata hivyo mlango uko wazi na masharti yake yameandikwa.

Wapo ndugu zetu wanaolifahamu hili kwa karibu. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi wa 1972 kutoka kambi za Tanzania, na kwa wakimbizi wengi waliofika huko, kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee imekuwa mlango wa kuingilia fani ya afya. Kijana aliyeko Rumonge asijidanganye kwamba njia hiyo inamsubiri. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi kwa viza za Warundi, zikiwemo za wanafunzi. Tunachoweza kuchukua ni somo lao: mpime mtu kwa anachojua.

Cheti si leseni

Kosa ninalolisikia mara kwa mara kwa wazazi ni kudhani kwamba cheti cha chuo ndicho ruhusa ya kutibu. Si hivyo, popote pale. Tanzania, chuo kinasimamiwa na NACTVET, baraza lililojulikana kama NACTE hadi 2021. Lakini anayemruhusu muuguzi kumgusa mgonjwa ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, na watu wa maabara wana baraza lao. Hizo ni karatasi mbili, za ofisi mbili.

Kijana akirudi Burundi na cheti cha chuo bila kusajiliwa na baraza la taaluma yake, anakuja na nusu ya ushahidi. Hata angekutana na ofisa mwenye moyo mwema, ofisa huyo hana cha kumwonyesha mkubwa wake kwamba kijana alipata kuaminiwa na mgonjwa hata mmoja.

Pwani inahitaji nini

Tangu Mei 2006, serikali ya Burundi ilipofuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua, vituo vya afya vimejaa. Vituo hivyo kwa kawaida havina daktari. Mkuu wa kituo ni muuguzi, na daktari yuko hospitali ya wilaya. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa Kigwena au Minago akisema amekwenda kwa daktari, mara nyingi maana yake ni muuguzi.

Pwani hii pia ina magonjwa yasiyojua forodha. Mei 2015, watu wetu walipokimbilia kwa makumi ya maelfu Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, kipindupindu kiliwavamia huko na kuua makumi, huku meli ya Liemba ikiwahamisha kwenda Kigoma. Desemba 2018 kipindupindu kilitangazwa hapa hapa Rumonge. Julai 2024 Burundi ikatangaza homa ya nyani, mpox. Kila mara kinachohitajika ni mtu wa kuwaeleza wavuvi, wapagazi na wauza samaki wa kutoka Kongo, Kigoma na bara jinsi ya kujikinga, kwa lugha wanayoielewa. Lugha hiyo hapa kwetu ni Kirundi na Kiswahili.

Muuguzi aliyesoma Kasulu, anayezungumza lugha hizo mbili na aliyefanya mazoezi ya kazi katika hospitali za Kigoma zenye wagonjwa wanaofanana na wetu, si mzigo kwa wilaya ya Rumonge. Ni mtu wa kutafutwa.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema tusifungue mlango, kwa sababu vyeti vya kughushi vipo na vyuo vya mfukoni vipo, kila nchi. Wana haki ya kuogopa. Dawa ikikosewa mtu anakufa, na anayekufa ni mtoto wa maskini kwanza. Lakini woga huo ni hoja ya kuweka mtihani, si ya kuacha mambo yalivyo. Palipo na ukimya, mwenye stashahada halali na mwenye ya kughushi wote huishia kwenye duka la dawa la mtaani, wanachoma sindano nyuma ya pazia, na mgonjwa hana njia ya kuwatofautisha.

Wengine wanauliza: mbona hata wahitimu wa A2 wa hapa hapa hawana kazi, tuongeze wa nje wa nini? Hoja hii ni nzito zaidi. Serikali haina bajeti ya kuajiri wote wanaohitimu, hilo kila mtu analiona. Hata hivyo kutambuliwa si kuajiriwa. Kutambuliwa ni haki ya kuingia kwenye foleni, kuomba kazi katika zahanati ya kanisa au ya msikiti, katika shirika la misaada, au kwenye kliniki binafsi. Anayeogopa ushindani wa muuguzi kutoka Kasulu akumbuke kwamba makubaliano yakifungwa, yeye pia ataweza kuomba kazi Kasulu.

Kuna na jambo ambalo kwa Rumonge halisemwi kwa sauti. Hapa tumegombania mashamba kwa miaka mingi, waliorudi na waliobaki, kila mmoja na karatasi yake. Ardhi haiongezeki. Kijana wa aliyerudi asipopata njia ya kuishi nje ya shamba, atarudi kwenye shamba, na kesi itarudi naye.

Mzazi afanye nini

Wakati wakubwa wanajadiliana, mzazi hawezi kusimamisha maisha. Yapo mambo anayoweza kuyafanya sasa.

Kwanza, kama mtoto yuko sekondari Tanzania, asiache Fizikia na Kemia anapofika kidato cha tatu. Wengi huziacha kwa kuwa ni ngumu, na mlango wa uuguzi na utabibu hufungwa siku hiyo bila mtu kujua. Aliyesoma nje ya mfumo wa Tanzania na anataka chuo cha huko, aanze kwa kupata ulinganisho wa cheti chake cha sekondari kutoka Baraza la Mitihani, NECTA.

Pili, kabla ya kulipa ada hata ya muhula mmoja, ahakikishe chuo kipo katika mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET kila mwaka, tena kwa kozi ile anayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi moja na kutangaza tano.

Tatu, aulize mwisho kabla ya mwanzo: mtoto anataka kufanya kazi wapi? Kama ni Burundi, kusoma Burundi bado ndiyo njia fupi, kwa mfano katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, INSP, iliyoko Bujumbura. Anayetishwa na Kifaransa akitazame chuo kikuu cha Hope Africa, kilichoanzia Nairobi mwaka 2000 kabla ya kuhamia Bujumbura, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kama ni Tanzania, akumbuke kwamba mikopo ya serikali kwa stashahada za afya, iliyoanza mwaka wa masomo 2023/2024, ni ya raia wa Tanzania. Inawafaa ndugu waliobaki Katumba na Mishamo na kupewa uraia. Haimfai aliyerudi.

Nne, atunze karatasi zote: matokeo ya kila mwaka, barua ya hospitali alikofanyia mazoezi, muhtasari wa masomo, na usajili wa baraza. Muhtasari wa masomo ndio unaoweza kumwokoa mtu wa miaka 14, kwa kuwa unaonyesha alifundishwa nini na kwa saa ngapi.

Tano, Kifaransa. Anayejua kuandika ripoti ya mgonjwa kwa Kifaransa ana nafasi kuliko mwenye alama kubwa asiyeweza. Miezi sita ya jioni si mingi ukilinganisha na miaka mitatu ya ada.

Serikali zifanye nini

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambue vyeti na ujuzi wa watu wa nchi nyingine. Fani za mwanzo kupata makubaliano ya kutambuana zilikuwa uhasibu, usanifu wa majengo, uhandisi na utabibu wa mifugo, ingawa si nchi zote zilizotia saini kila moja. Mtu wa pwani ana haki ya kushangaa kwamba daktari wa ng'ombe alifikiriwa kabla ya muuguzi wa mama yake.

Hatuombi mteremko. Tunaomba mabaraza ya Burundi na Tanzania yakae na kuandika mambo matatu. La kwanza ni jedwali linalosema bayana stashahada ya Tanzania inalingana na nini Burundi, na A1 na A2 zinalingana na nini Tanzania, ili mzazi asome kabla ya kulipa. La pili ni mtihani wa kujaza pengo, wa maandishi na wa vitendo, kwa wale wanaopungukiwa mwaka. La tatu ni miezi kadhaa ya kazi chini ya usimamizi, na hospitali ya Rumonge ingefaa kuwa mahali pa kwanza, kwa kuwa wagonjwa wapo na vijana wanaohusika wanaishi hapa.

Burundi peke yake pia inaweza kuanza bila kusubiri mtu. Tangu mipaka ya mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025, Rumonge iko chini ya mkoa wa Burunga pamoja na Makamba, Bururi na Rutana, maeneo yaliyopokea sehemu kubwa ya waliorudi kutoka Tanzania. Dawati moja la kupokea mafaili ya ulinganisho mkoani humo, lenye ofisa anayesoma Kiingereza, lingempunguzia kijana wa Nyanza-Lac safari za Bujumbura. Gharama yake ni meza, mtu mmoja na muhuri.

Mwaka huu pia vijana wa kidato cha nne watajaza fomu za vyuo, na wazazi wao wataanza kutafuta wanunuzi wa mawese kwa bei yoyote ili ada itimie. Itakuwa vyema jibu la swali lao liwe limeandikwa mahali kabla hawajalipa.